Mikono Yangu Imefika Ng'ambo

Mimi sijawahi panda ndege, lakini mikono yangu imefika ng'ambo. Usicheke. Hii mikono yenye imefulia watu wa mtaa wa Donholm nguo miaka thelathini, imeingia ndani ya mashine huko kwa wenyewe, na sasa inaosha vyombo kwa jikoni yenye mguu wangu hautawahi kanyaga. Mwili wote ule mwingine umebaki hapa mtaa wa Pipeline, orofa ya tano, na magoti inalia kila ngazi.

Ilianza na mjukuu wangu. Tunaishi yeye na mimi, chumba moja, kitanda yangu huku, yake huko, katikati pazia. Huyo mtoto amesoma. Digrii yake iko kwa ukuta juu ya televisheni, imewekwa kioo, na mgeni akiingia mimi humpea kiti yenye inaangalia hapo. Mimi mwenyewe nilifika darasa la tatu, nikajua kuhesabu na kusoma jina la Yesu, nikaona hiyo inatosha kwa mtu wa kufua.

Kazi yake ya kwanza ilikuwa kuandikia watoto wa ng'ambo kazi yao ya chuo. Yaani wao wamelipiwa shule huko, halafu mtoto wangu ndiye anakaa hapa na kompyuta kwa magoti akiwasomea.

"Leo unaandika ya nani?" namuuliza.

"Ya mtu anasomea unesi, shosh."

"Na yeye ako wapi?"

"Saa hii kwao watu wamelala."

"Basi nikiugua nisipelekwe kwa huyo. Wewe ndio unidunge sindano."

Watu wengi wamepata digrii kwa hiki chumba chetu. Kuna mmoja alikuwa anasomea mambo ya uongozi wa ukweli na uaminifu. Mjukuu wangu akamwandikia, akapita vizuri sana. Mahali ako, naamini anaongoza kwa uaminifu.

Halafu ikaja hii akili ya mashine. Wateja wakapotea kama maji ya mfereji. Nikafikiri labda wameokoka.

"Wameacha kudanganya?"

"Hapana shosh. Sasa mashine ndio inawadanganyia."

Nilikaa chini. Nilikuwa najua kazi safi inaweza kuisha, nimeona viwanda vingi vikifunga hapa Embakasi. Lakini sikujua hata kazi ya kuiba mtihani mashine inaweza kukupokonya. Sasa mtu maskini afanye dhambi gani?

Akakaa miezi bila kitu. Akaniambia, "Shosh, nikikosa kitu mwaka huu narudi ocha, kijijini, nikalime." Nikamwangalia zile vidole. Huyo mtoto hajui jembe inashikwa upande gani. Na mimi nikibaki peke yangu hapa juu, nani ataniletea mtungi wa maji ngazi zote tano? Kwa hivyo nikaomba, na Mungu akajibu, lakini akajibu kwa njia yake ya mzaha.

Kazi ikapatikana kwa kampuni fulani ya watu wa kompyuta. Mjukuu akaja na kamba ya kufunga kichwa, kama ile ya mtu wa kuchimba madini, na hapo mbele kamera kidogo kama jicho la samaki. Akanieleza. Huko ng'ambo wanatengeneza mashine ya kufanya kazi za nyumba. Mashine haijui kushika kikombe, haijui kukunja shati. Kwa hivyo watu wafunge hiyo kamba, wafanye kazi zao za kawaida, mashine iangalie mikono yao ijifunze.

"Uso hautaonekana. Mikono tu," akasema.

"Na sauti?"

"Ongea tu kama kawaida. Sauti wanatoa, wanatupa. Hawaihitaji."

Hapo kwa sauti ushike, nitakurudisha hapo.

Alikuwa amepewa mwezi mmoja. Alete nyumba ishirini zenye vidio zimekubaliwa, aandikwe kazi. Zikipungua hata moja, arudishe kamba, na sisi wawili tunajua baada ya hapo ni jembe.

"Mbona unahangaika?" nikamwambia. "Hii ploti ina wanawake wangapi? Na wa kwanza ni mimi."

Kesho yake asubuhi nikakutana na jirani yangu kwa ngazi, yule wa mlango wa pili, mama wa mapacha. Huyu yeye bado anafua. Kila siku anaenda kukaa kwa geti ya Donholm na wenzake, ndoo imefunikwa, wakingoja kuitwa.

"Leo mbona unasugua mpaka korido?"

"Nina mgeni," nikasema. "Mashine ya ng'ambo."

"Inakula nini?"

"Haikuli. Inaangalia tu."

"Hao ndio wabaya," akasema, akashuka na ndoo yake. "Mgeni wa kuangalia tu."

Wewe, nilifanya kazi siku hiyo! Sufuria nilisugua mpaka ukijiangalia ndani unaona dhambi zako. Nikatandika vile vitambaa vyangu vyeupe vya kushona kwa mkono, kwa kochi, kwa meza, kwa televisheni. Nikatoa vikombe vya maua, vya wageni, vyenye vikitoka kabatini mpaka vyenyewe vinashangaa. Nikavaa rinda ya kanisa, na ingawa walisema ni mikono tu, nikafunga kilemba. Mikono nikaipaka mafuta mara mbili.

Mjukuu akaingia. "Shosh, unaenda wapi?"

"Ng'ambo. Nifunge hiyo kitu."

Akanifunga. Nikaosha vikombe sita safi. Nikapanguza meza safi. Nguo zilikuwa zimekunjwa tayari, kwa hivyo nikazikunjua polepole, kwa heshima, ndio nizikunje tena. Nikapika chai, nikakoroga, nikaidondoshea kidogo kwa kiganja nikaonja. Ilikuwa vidio nzuri sana. Nilitaka hata watu wa kanisa waione.

Siku ya tatu bosi wake akapiga simu. Kijana, sauti yake tu ndio najua. Mjukuu akaiweka nisikie.

"Vidio imekataliwa. Vyombo ni safi."

"Asante sana," nikasema.

"Hapana mama, si sifa. Mashine haiwezi jifunza kuosha kitu safi."

"Kwani wewe mama yako akipata wageni huwa anawaonyesha vyombo chafu?"

Akaomba msamaha. Nikajua huyo amelelewa vizuri, ni kazi tu imemharibu.

"Mama, fanyeni tu kama hakuna mtu anaangalia."

"Na wewe si unaangalia?"

Simu ikakatika. Mjukuu anasema ni mtandao.

Ukidhani ni mimi peke yangu, ngoja. Akaenda mlango kwa mlango. Kila mwanamke anamwambia, "Ni sawa mama, lakini kuja kesho kutwa." Na hiyo kesho kutwa unasikia ndoo, unasikia brashi, blanketi zimeanikwa mpaka jua halionekani. Yule anauzia watu maji hapa chini aliuliza kama serikali imetangaza kipindupindu. Wale wa orofa ya tatu walipaka ukuta rangi. Ploti yetu haijawahi kuwa safi hivyo tangu ijengwe, na mwenye ploti alipopita akaona ngazi zinang'aa, alisimama hapo akijishika kidevu, tukaogopa anafikiria kuongeza kodi.

Nyumba kumi na moja, vidio kumi na moja, zote zimekataliwa. Moja tu iliandikwa maneno mengi kidogo: mwanamke alionekana akichovya nguo kavu kwa maji safi, bila sabuni, na amevaa saa ya dhahabu. Saa yenyewe ilikuwa ya kuazima.

Siku hiyo mjukuu alikaa kwa kitanda yake, kamba kwa mkono, machozi yakatoka.

"Shosh, nimeshindwa kupata uchafu Pipeline. Nani huyo mwingine duniani ameshindwa kupata uchafu Pipeline?"

Ilikuwa imebaki siku kumi na moja. Nikamwambia alale. Kesho yake, Jumapili, baada ya kanisa nikaita wanawake wa chama chetu, wakaja wakajaa kwa kitanda zote mbili, nikawaambia ukweli: huyu mtoto akikosa nyumba ishirini, anarudi ocha. Wote wanamjua. Yeye ndiye huwasomea barua za hospitali, yeye ndiye alijazia watoto wao fomu za shule. Wakasikitika sana. Lakini kuonyesha uchafu wao kwa wazungu, hapo wakaangalia chini.

Mama wa mapacha peke yake ndiye aliongea.

"Mimi sikatai kwa sababu ya uchafu," akasema. "Mimi nauliza. Hiyo mashine ikishajua kufua, mimi nitaenda wapi?"

"Ni ya huko ng'ambo," mwingine akasema.

"Simu pia ilikuwa ya ng'ambo, na sasa hata mwenye kuokota chupa ako nayo." Akanigeukia. "Shosho, wewe ulifua ukamaliza. Mimi bado nafua."

Nikafanya vile mtu mzima hufanya akishindwa. Nikabadilisha maneno.

"Na wewe unajifanya hutaki uchafu yako ionekane," nikamtania. "Siku wale watu walileta mahari ya binti yako, sahani hazikuwa zimejaa mpaka kwa mlango? Na mlango uliacha wazi, siku mbili!"

"Hiyo si uchafu!" akasema, ameudhika. "Hiyo ilikuwa wageni!"

Wote wakaitikia, "Eeeh, hiyo ni wageni!"

Na mimi nikapiga makofi mara moja, pa! Kwa sababu hapo hapo nikaona. Uchafu wako ni aibu. Lakini uchafu wa wageni ni sifa. Unauacha hapo kila mtu aone kwamba kwako kumeliwa.

Tukatangaza maombi ya nyumba kwa nyumba. Nyumba mbili kila siku, moja asubuhi, moja mchana. Tunaingia, tunaomba kidogo, tunakula sana: chapati, maharagwe, ugali na samaki kwa wale wa kwetu, mukimo, ile ya viazi vya kuponda, kwa wale wa kwao. Tukisema amina ya mwisho, mwenye nyumba anafungwa kamba, na rundo liko hapo mbele yake limekauka maharagwe, na yeye anaosha akiwa ameinua kichwa kama bibi harusi. Mimi yangu nikarudia, siku ya kwanza, hata ile chai ya kiganja na zile nguo za kukunjua.

Nikuambie pia kuhusu sahani. Hakuna mwanamke hapa ana sahani za kutosha watu ishirini. Tunaazimana, kama vile tunafanya kwa matanga na kwa harusi. Na ndio zisipotee, kila mtu ameweka alama yake chini ya sahani kwa rangi ya kucha. Zangu ni nukta mbili nyekundu. Za mama wa mapacha ni mstari wa buluu. Kwa hivyo ukimaliza kuosha sahani, lazima uigeuze, uangalie chini, useme, "Hii ya nani? Ya mwenye buluu," ndio uiweke kwa rundo la mwenyewe. Hiyo si mchezo. Nimeona wanawake wawili wakikosa kusalimiana miaka miwili sababu ya bakuli.

Mama wa mapacha alikuja kila siku. Akaleta sahani zake, akaomba, akala. Lakini kamba alikataa mpaka mwisho. "Sahani zangu zinaenda," alisema. "Kichwa changu hakifungwi." Na hakuna mtu alimlazimisha.

Siku ya tisa bosi akapiga simu mwenyewe, anacheka na furaha.

"Sasa hii ndio maisha yenyewe! Mmefanyaje?"

"Ni vile tu mlisema," mjukuu akajibu. "Kama hakuna mtu anaangalia."

Nyumba ishirini zikatimia bila ya mama wa mapacha, tukahesabu na wale wa ploti ya nyuma. Mtoto akaandikwa kazi. Tukafanya maombi mengine ya shukrani, na hapo kamera haikuwepo, kwa hivyo vyombo vikaoshwa kesho yake.

Akafanya hiyo kazi miezi mitatu. Halafu mchana moja nikasikia ufunguo mapema. Akanipea simu nisome, akakumbuka, akanisomea. Wanashukuru kwa mchango wake. Mashine sasa imefika mahali inaweza kujifunza yenyewe. Wanamtakia kila la heri.

"Nisomee tena," nikasema.

Akasoma tena. Haikubadilika.

Mimi nimefundisha wasichana wengi kufua pale Donholm. Jinsi ya kutoa doa la chai, jinsi ya kushika kola. Wengine walinipita wakanichukulia hata nyumba zangu za kufulia. Lakini hakuna hata mmoja alinishukuru na kunifukuza kwa barua moja. Hiyo ni elimu ya juu.

Jioni mama wa mapacha akaja na sukuma wiki. Nilingoja aseme "nilikuambia". Alikaa hapo akikata mboga nyembamba, nyembamba, na akasema tu kwamba yule mama wa Donholm mwenye humwita kufua amenunua mashine ya kufua, ile ya dukani ya kawaida, kwa hivyo kutoka siku tano sasa anaitwa mbili. Tukala tukiwa watatu. Mjukuu akaanza kuulizia nauli ya basi ya kwenda ocha.

Nauli haikuwa imetimia wakati bosi alituma vidio. Aliituma kwa wote walikuwa wanamkusanyia vidio, na swali: nani anajua hii ni nini?

Mjukuu akanishikia simu nione. Jikoni nyeupe kama hospitali. Mashine imesimama kwa sinki, mikono mirefu, vidole vitano vitano. Inachukua sahani. Inapaka sabuni kwa mviringo, inasuuza, vizuri kabisa, mimi ningeiandika kazi. Halafu inageuza sahani chini juu. Inainamisha kichwa. Inaangalia. Inangoja. Ni kama inatafuta kitu, haikioni. Inaweka chini polepole, inachukua ingine. Inaosha, inageuza, inaangalia. Kila sahani!

"Wamebadilisha sahani, wamebadilisha taa, wamebadilisha kamera," mjukuu akasema. "Haiachi. Wanasema ni ugonjwa. Wameita wataalamu."

Mimi nilikuwa tayari nimelala kwa kitanda nikicheka, mpaka nikaogopa nitakufa. Nikaita mama wa mapacha. Akaja na mikono ya sabuni, akasimama akatazama mpaka mwisho, mikono kiunoni.

"Inatafuta yangu," akasema.

"Inatafuta yetu sote."

"Na huko kila mtu ana sahani zake peke yake. Woi. Itatafuta mpaka izeeke."

Sasa unakumbuka ile sauti? Ile walitoa wakatupa? Sisi ishirini, kila mmoja, tulikuwa tunasema kwa mdomo, waziwazi, sahani kwa sahani: "Hii ya nani?" Wangeacha hiyo sauti ya wanawake wa Pipeline hapo ndani, hata mtoto angewaambia. Lakini walitaka mikono tu. Haya, mikono ndiyo hiyo.

Mjukuu alikuwa ameanza kuandika jibu, vidole vinakimbia. Nikamshika mkono.

"Unaandika nini?"

"Si wameuliza, shosh? Nawaambia ni alama."

"Umefutwa kazi, na bado unafundisha?"

Akaniangalia. Ile digrii ilikuwa juu ya kichwa chake kwa ukuta, nikaona kama imeanza kufanya kazi. Akafuta yote. Akaandika upya, akinisomea: "Najua ni nini. Ni jambo la kueleza nikiwa kazini."

Nikaweka chai kwa moto. Haikuwa imechemka bado, bosi akapiga.

Jumatatu mjukuu anarudi kazini. Wamempa jina refu la kazi, mtaalamu wa mazoea ya nyumbani. Nimemkalisha chini nikamwambia: hiyo ya sahani waambie, lakini usiwaambie yote siku moja. Kwa sababu nimekaa nikafikiria, na si sahani peke yake. Iko siku hiyo mashine itadondoshea chai kwa kiganja chake na haina ulimi. Iko siku itakunjua nguo zenye zimekunjwa. Tuliweka mambo mengi hapo ndani bila kujua. Nikihesabu kwa vidole, yanaweza kumfikisha mtoto huyu Krismasi, na mimi nikipata maji yangu hapa juu.

Mama wa mapacha alitusikiliza, akamaliza chai, akasimama kwa mlango akachukua ndoo yake.

"Mwambie huyo bosi wako," akasema kwa mjukuu, "wakitaka mtu wa kuwaeleza kufua, niko. Kuonyesha sitaki. Kueleza ni kitu ingine. Jumanne na Alhamisi nitakuwa Donholm." Akaifunika ndoo. "Hizo siku zingine anipate tu hapa."